Saa yaonyesha nyekundu, ofisi yaninyima tripu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni dereva wa trela, umri wangu miaka 41. Nachukua mzigo bandarini Mombasa naushusha Kampala, na mara nyingine unanifikisha Elegu. Nyumbani ni Tororo, nina mke na watoto watatu. Nakuandikia nikiwa Malaba kwenye foleni.

Mwaka jana kampuni ilituita yadi madereva wote ikatugawia saa za mkononi. Tukaambiwa ni kwa ajili ya afya yetu, zinapima mapigo ya moyo, usingizi na stresi. Tukasaini karatasi, kila mtu akafungiwa yake. Saa inaongea na programu ya simu, programu inapeleka kila kitu ofisini. Kuna namba kutoka 0 hadi 100. Ikiwa chini ni kijani, katikati manjano, ikipanda ni nyekundu.

Mama, yangu ni nyekundu karibu kila siku. Kwanza nilidhani imeharibika. Kuna jioni nilikuwa Naluwerere na madereva wenzangu tukiangalia mpira, timu yangu imeshinda, nimefurahi kweli, naiangalia saa: stresi 88. Nikipanda juu ya mzigo kukaza turubai, nyekundu. Foleni ya hapa Malaba, nyekundu.

Mwezi uliopita msimamizi akanipigia. "Ofisi inaona stresi yako iko juu wiki nzima. Pumzika kwanza." Mzigo wangu akapewa mwenzangu. Sisi mshahara wa msingi ni mdogo, pesa ya kula iko kwenye posho ya tripu. Nikipumzishwa hivyo, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Tangu hapo tukiwa njiani saa anaivaa taniboi wangu, msaidizi wa lori. Yeye ni kijana, analala vizuri, na ofisi imenyamaza. Nikifika nyumbani naivaa mwenyewe ili mke wangu asiniulize maswali.

Kuna jambo lingine ambalo hata yeye sijamwambia. Mwezi wa tatu, nimeshapita Bugiri naelekea Iganga, lori lililokuwa mbele yangu liligonga bodaboda. Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza. Nilimshika mkono yule abiria, akafa kabla polisi hawajafika. Toka siku ile nikikaribia pale viganja vinalowa jasho kwenye usukani na moyo unapiga. Wakati saa ilikuwa bado mkononi mwangu niliangalia: inapanda nyekundu palepale, kwenda na kurudi. Usiku naamka saa tisa, naangalia namba, nikikuta nyekundu silali tena.

Je, hii saa inasema kweli? Mimi ni mgonjwa? Na wana haki ya kuninyima kazi kwa sababu ya namba?

Dereva, Tororo

*

Marahaba, mwanangu. Pole na foleni, na pole zaidi kwa yale uliyoyaona barabarani.

Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana pale ndipo penye uzito. Saa umeipa aya nyingi, ajali ukaiweka chini kabisa kwa maneno machache. Mimi naona mambo ni kinyume. Mtu amekufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, ukapanda lori, ukafikisha mzigo wa watu Kampala, na mpaka leo hujamwambia mtu. Hilo ni zito kwa binadamu yeyote, hata kwa dereva aliyeizoea barabara ile.

Kinachokupata ukikaribia pale kinajulikana vizuri kwa wataalamu. Baada ya tukio la kutisha, ubongo huishika picha ya mahali, harufu, sauti, kona ya barabara, na ukiviona tena huamrisha mwili ujihami kabla wewe hujafikiria lolote. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hukuchagua, na huwezi kuamua tu kuwa iishe. Kwa watu wengi hali hii hupoa yenyewe katika wiki za mwanzo. Ikipita mwezi na bado usingizi unakatika, picha zinarudi bila kuitwa, unashtuka ovyo au unatafuta njia ya kuukwepa mji mzima, basi ni jambo la kupeleka kwa mtaalamu. Wewe mwezi umeshapita, tena kitambo.

Na tiba ipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza matibabu ya mazungumzo yanayolielekea tukio lenyewe, hatua kwa hatua, ukiwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Si lazima yaanze na vidonge. Kwa kuwa uko Tororo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Mbale ina kitengo cha afya ya akili. Ukiwa umeshusha mzigo Kampala, kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Najua jina hilo linavyotajwa mitaani, na najua dereva anaogopa kuonekana getini pale. Lakini watu wengi huingia Butabika asubuhi, wakazungumza na mhudumu, wakatoka mchana kurudi kazini. Kuuliza kuhusu usingizi wako hakukufanyi mtu wa kulazwa. Hospitali za serikali hazitozi ada ya kumwona mhudumu katika wodi za kawaida, ingawa dawa zikikosekana huenda ukaambiwa ununue nje, basi uwe na akiba kidogo.

Kuna watakaokuambia kwamba mazungumzo ni mambo ya Wazungu. Waambie juu ya Masaka na Rakai. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya huko. Watu waliolemewa na sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, wala hawakuwa madaktari. Waliokutana walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa na vikundi. Ule ulikuwa utafiti wa sonona, ajali ni jambo tofauti kidogo, lakini watu wale ni Waganda wakulima, wakizungumza lugha yao kwenye vijiji vyao, na kuzungumza kuliwasaidia.

Kabla ya Mbale, kuna mkeo. Huhitaji kumsimulia damu na kila kitu. Mwambie, "Mwezi wa tatu nilisimama kwenye ajali, mtu akafa mkononi mwangu, na tangu hapo silali vizuri." Inatosha kuanzia. Nina hakika ameshaona kwamba unaamka saa tisa. Asichojua ni sababu, na anayeishi bila kujua sababu hujitungia yake, mara nyingi mbaya kuliko ukweli. Madereva mnajua wake zenu hufikiria nini mkirudi kimya.

Sasa hiyo saa. Igeuze gizani, utaona nyuma yake taa za kijani zikiwakawaka. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo ukipiga, damu hujaa kidogo kwenye ngozi ya mkono na mwanga unaorudi hupungua, na saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Kutokana na hapo hupima nafasi kati ya pigo na pigo. Moyo wa mtu aliyetulia haupigi kwa nafasi zilizo sawasawa kabisa. Hutofautiana kwa sehemu ndogo sana za sekunde, ukivuta pumzi mapigo hukaribiana, ukiitoa huachana. Mtu akibanwa, tofauti hizo hupungua. Saa nyingine huongeza kihisi cha jasho la ngozi na kingine cha joto. Vyote vikichanganywa katika fomula ya mtengenezaji, inatoka namba moja. Kila mtengenezaji ana fomula yake, kwa hiyo 70 kwenye saa yako na 70 kwenye saa ya aina nyingine si kitu kimoja.

Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali panapoonyesha sababu. Wewe unaijua mihuri ya elektroniki ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inayofungwa kwenye kontena. Kampala wanaona lori limesimama wapi na kwa muda gani, na mlango ukifunguliwa wanajua. Kwa nini dereva amesimama, kama ni pancha, ni njaa au ni daraja limekatika, muhuri hausemi, mpaka mtu apige simu kuuliza. Saa yako ni vilevile. Bao la timu yako, ngazi ya kupandia mzigo, jua la Malaba, homa ya malaria inayoanza, chai ya rangi nzito, vyote vinaupeleka moyo mbio na vyote vinaweza kusomwa kuwa stresi. Ile 88 ya Naluwerere ilikuwa furaha yako, mwanangu, na mashine ikaiandika kwa jina lingine.

Hapa nikuulize, na ujijibu mwenyewe kwa ukweli: njiani usiku unatafuna mairungi? Unakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu? Hivyo huongeza mapigo ya moyo, na vikinywewa jioni huukata usingizi wa usiku wa manane. Kama ni mazoea, namba yako haiwezi kusomwa bila kuvitaja, na hata daktari atataka kuvijua kwanza.

Yapo pia makosa ya chombo chenyewe. Mkanda ukilegea, au mkono ukitikiswa na usukani kwenye barabara mbovu, taa hupoteza hesabu. Weusi wa ngozi nao hunyonya sehemu ya mwanga wa kijani. Juu ya saa za mkononi matokeo ya utafiti yanapingana, na mtikisiko unaonekana kuharibu kipimo zaidi ya rangi. Lakini tuna sababu ya kuuliza. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vile vifaa vya kubana kidole kupima oksijeni vilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo anayekuletea kifaa aseme kimejaribiwa kwa nani.

Je, basi saa ni takataka? Hapana. Ina faida ukiitumia kujilinganisha na wewe mwenyewe, katika hali ileile, hasa mapigo ya moyo ukiwa umelala au umetulia, kwa majuma kadhaa. Na ile nyekundu ya baada ya Bugiri, inayorudi mahali palepale kila tripu, ndiyo taarifa ya maana kuliko zote ilizokupa, kwa sababu wewe unaijua sababu yake. Mwonyeshe mhudumu wa Mbale. Itamsaidia zaidi ya namba za mwezi mzima.

Usiku uizime. Toa arifa zote, ivue, iweke chumba kingine au ndani ya kabati. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa ambao kuhangaikia namba za usingizi kuliwaongezea tabu ileile ya usingizi waliyotaka iishe. Wewe ukiamka saa tisa, tatizo ni kwamba umeamka, halafu namba inakupa sababu ya kutolala tena. Kaa kitandani, vuta pumzi polepole kwa sekunde tano, itoe kwa sekunde tano, dakika tano au kumi. Pumzi za namna hiyo, kama sita kwa dakika, hutuliza mapigo. Hata hapo Malaba, injini ikiwa imezimwa, unaweza kuzifanya na hakuna atakayejua. Usizijaribu ukiwa unaendesha.

Umeuliza kama ni mgonjwa. Saa haiwezi kujibu hilo, na mimi pia siwezi. Una miaka 41, kazi yako ni ya kukaa, unakula barabarani. Nenda kituo cha afya upimwe presha kwa kile kitambaa cha mkononi, upimwe sukari na wingi wa damu. Upungufu wa damu huupeleka moyo mbio hata mtu akiwa hana wasiwasi wowote, na tezi ya shingoni ikizidisha kazi hufanya hivyo pia. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, pumzi kukata au upande mmoja wa mwili kufa ganzi, egesha lori na utafute hospitali siku hiyohiyo, hata kama saa imeandika kijani.

Nije kwa ofisi. Nitawatendea haki kwanza. Dereva aliyechoka ni hatari, barabara ya Tororo hadi Jinja inaua, na mwajiri anayejali hilo simlaumu. Lakini namba ya stresi haipimi usingizi wa dereva. Mtu anaweza kusinzia kwenye usukani akiwa na namba ya kijani kabisa, maana mwili uliotulia ndio huo unaotaka kulala. Kama kampuni inataka kuzuia ajali, ihesabu saa za usukani, ihakikishe mnalala kati ya tripu, na ipunguze haraka inayowalazimisha kukesha. Hayo hayahitaji saa ya mkononi. Na kumpumzisha mtu bila malipo kwa sababu moyo wake ulipiga haraka kunamfundisha kila dereva kuficha, kama ulivyofanya wewe.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Hali ya afya ya mtu imewekwa humo kwenye kundi la taarifa maalumu, ambazo hazikusanywi kiholela. Mojawapo ya njia zinazoruhusiwa ni mhusika kuzitoa kwa hiari na kwa ridhaa yake. Una haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako na nani amepewa. Unaweza pia kuandika kutaka uamuzi unaokugusa sana usitokane na hesabu ya mashine peke yake. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Swali kubwa ni ile karatasi mliyosaini yadi. Uliisoma? Ulipewa nakala? Mlielezwa kwamba namba inaweza kukukosesha mzigo, au mliambiwa ni afya tu? Hiari ya mtu anayefungiwa saa foleni nzima ikimtazama inafaa kuulizwa.

Usiende peke yako. Msimamizi akimwona dereva mmoja ataona mkorofi, akiwaona wanane ataitisha kikao. Kama kuna mwanachama wa ATGWU kati yenu, chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, mwanzeni kwake. Na mkiingia ofisini msianze na sheria. Semeni hivi: "Bosi, tunakubali kupimwa kwa ajili ya usalama. Tunaomba namba za kila siku zibaki kwa dereva mwenyewe, ofisi isimwondoe mtu kwenye mzigo kabla ya kuzungumza naye, na anayepumzishwa kwa afya asikose posho yote." Ni maombi ambayo mwajiri mwenye nia njema anaweza kuyakubali.

Kuhusu taniboi, iondoe saa mkononi mwake leo. Sikuhukumu, nimeona kilichokufikisha hapo. Lakini fikiria likitokea jambo barabarani, Mungu apishe mbali, na wachunguzi wakafungua faili lenye jina lako, wakakuta umelala usingizi mzito saa ambayo lori lilikuwa likienda. Utaeleza nini? Na yule kijana mwili wake unapimwa bila yeye kusaini chochote, naye ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote hapo. Ama uivae mwenyewe na kuipinga kwa barua, ama uirudishe ofisini kwa maandishi. Namna ya kueleza wiki zilizopita, zungumza kwanza na mtu wa chama kabla hujamwambia msimamizi.

Kwa mpangilio wa siku zako, ningependa mkeo ajue kabla hujaondoka tena Tororo, na Mbale uende kwenye mapumziko yatakayofuata, usingoje kikao cha ofisi. Hiyo karatasi ukiipata, nitumie nakala, ukiwa umefunika jina lako na la kampuni. Nataka nisome wameandika nini juu ya kumwondoa dereva kwenye mzigo.